Umeme wa jua na upepo kwenye kitalu nyumba kilicho mbali na gridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 30 nje ya mji wa Singida, mahali ambapo nguzo za TANESCO bado hazijafika. Ninalima nyanya, na msimu mwingine pilipili hoho. Tangu nijiwekee umeme wangu, wakulima hunipigia simu na wengine hufika shambani, na maswali yao hufanana sana. Nimeyakusanya hapa pamoja na hesabu zake ili kila mmoja abadilishe namba kulingana na shamba lake. Ninapotaja uniti, nina maana ileile ya LUKU: wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, yaani wati-saa 1,000.

Kitalu cha ukubwa huu kinakula umeme kiasi gani kwa siku?

Jibu linategemea uamuzi mmoja tu: joto utalitoa kwa feni, au utaliacha litoke lenyewe.

Tuanze na maji, maana ndiyo watu wanayaogopa. Kitalu changu kina miche kama 500 ya nyanya. Mche uliokomaa, kipindi cha jua kali, hunywa hadi lita 2 kwa siku, kwa hiyo ni lita 1,000. Mimi napandisha lita 4,000 kwa sababu nje kuna bustani ya mboga, kuna miche midogo, na nyumbani tunatumia maji hayohayo. Kutoka usawa wa maji kisimani hadi mdomo wa tanki ni mita 30. Kuinua lita 4,000 mita 30 kunadai wati-saa 327. Pampu na mabomba hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu, kwa hiyo weka wati-saa 820. Hata uniti moja haijafika.

Sasa njoo kwenye feni. Kitalu hiki kina hewa kama mita za ujazo 720. Anayepooza kwa feni kubwa za kunyonya hewa hutakiwa kubadilisha hewa yote kila dakika moja mchana wa joto. Kazi hiyo inahitaji feni kubwa ya kama wati 1,100. Ikizunguka saa 7, imekula uniti 7.7, karibu mara kumi ya maji yote uliyopandisha. Mkulima anayeletewa makadirio ya kutisha ya mfumo wa sola kwa kitalu kimoja aangalie kwanza kama kuna feni hiyo kwenye orodha. Mara nyingi ndiyo inayopandisha bei, na mara nyingi haihitajiki.

Bila feni kubwa, nyanya hazitaungua?

Hazitaungua kama kitalu kimejengwa kikiwa na nafasi ya kupumua. Uwazi wa hewa ufikie angalau robo ya eneo la sakafu. Kwa mita za mraba 240 hiyo ni mita 60, ambazo unazipata ukiacha ukanda wa mita 2 wa wavu pande moja ya urefu, au mita 1 pande zote mbili, kisha nailoni ikawa ya kukunja na kukunjua. Ongeza uwazi wa juu kwenye paa, upande usiopigwa na upepo, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Kuta ziwe na urefu wa mita 3 hivi. Vitalu vifupi vya bei rahisi ndivyo vinavyogeuka tanuri.

Wavu wa wadudu unapunguza hewa sana, hasa ukijaa vumbi. Uoshe. Nimewahi kuhangaika wiki mbili na maua yanayopukutika, kumbe wavu ulikuwa umezibwa na vumbi la barabara. Kivuli cha wavu cha asilimia 30 hadi 40, kikitandazwa kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri miezi ya joto, kinafanya kazi ambayo paneli kumi zingefanya kwa gharama kubwa.

Ndani nimebakiza feni mbili ndogo za wati 40, za umeme wa betri moja kwa moja, kusogeza hewa ili majani yasikae na unyevu. Hizo ni wati-saa 480 kwa saa 6.

Pampu inahitaji betri?

Haihitaji. Nunua pampu ya sola inayokula umeme wa paneli moja kwa moja kupitia kontrola yake (kifaa kinachoongoza umeme unaoingia), na maji yaliyopanda tankini ndiyo akiba yako. Watu wengi hawaamini mpaka waone hesabu. Tanki la lita 5,000 likijaa, kwa kisima kama changu, limehifadhi kazi ambayo ingegharimu kama uniti moja ya umeme. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, ukiitumia nusu kama inavyotakiwa, inatoa uniti 1.2. Tanki na betri hiyo wanakaribiana. Tofauti ni kwamba betri hiyo utaizika baada ya miaka michache, wakati tanki lililowekwa kivulini linadumu miaka mingi.

Kwa dripu ya kawaida, yaani umwagiliaji wa matone, mnara wa mita 2 hadi 3 unatosha, kwani kila mita inakupa presha ya takriban baa 0.1. Usisahau kwamba lita 5,000 ni tani 5. Mnara wa miti iliyopigiliwa misumari usithubutu kuuwekea tanki hilo.

Paneli ngapi basi?

Zangu ziko makundi mawili, na nakushauri uyatenganishe hivyohivyo.

Kundi la pampu: wati-saa 820 ukigawa kwa saa 5 za jua zuri unapata wati 164. Vumbi na joto vinakula karibu asilimia 30, kwa hiyo ni wati 230 hivi. Mimi nimeweka paneli mbili za wati 330. Nimezidisha makusudi, ili pampu iamke mapema asubuhi na siku ya mawingu tanki lijae hata kama ni polepole. Paneli leo ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye mfumo, usibane hapo. Ila hakikisha volti za paneli zikiunganishwa hazizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kontrola ya pampu.

Kundi la betri: feni ndogo 480, taa za usiku 84, modemu na vihisi vya joto na unyevu 120. Jumla ni karibu wati-saa 700 kwa siku. Ukigawa kwa saa 5, kisha ukaweka upotevu, unapata wati 200. Mimi nina paneli moja ya wati 450.

Naweza kuzifunga juu ya paa la kitalu?

Usifanye hivyo. Paneli inaipa nyanya kivuli, nailoni hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu au minne na utalazimika kufungua kila kitu, na fremu nyingi za kitalu hazikujengwa kubeba uzito na upepo wa ziada. Jenga stendi ya chuma pembeni, mahali ambapo kivuli cha kitalu au mti hakifiki asubuhi wala jioni.

Zielekee wapi?

Tanzania nzima iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo zitazame kaskazini. Singida iko kama nyuzi 5 tu kusini, na kwa hesabu tupu zingelala karibu bapa. Lakini ziinamishe nyuzi 10 hadi 15, mvua na maji ya kuoshea yaweze kuteleza na vumbi. Aliye Meru au Eldoret, juu ya ikweta, azielekeze kusini.

Osha asubuhi kabla kioo hakijapata moto, kwa maji matupu na kitambaa laini. Kiangazi hapa kwetu, baada ya mavuno ya alizeti, mimi huosha kila baada ya wiki mbili.

Singida inasifika kwa upepo. Kwa nini usitumie mtambo wa upepo tu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa uchungu kidogo kwa sababu nilianza huko.

Nilinunua mtambo ulioandikwa wati 1,000, wenye mapanga ya kipenyo cha mita 2. Nikausimika kwenye bomba la mita 6 jirani na kitalu. Mapanga yalizunguka vizuri, wageni wakapiga picha, na betri ikabaki na njaa. Ilinichukua msimu mzima kuelewa sababu, na sababu ni tatu.

Ya kwanza ni hesabu ya upepo wenyewe. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi. Inaongezeka kama kasi × kasi × kasi. Upepo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nane. Mtambo wangu wa mita 2, nikikadiria kwamba unanasa robo ya nguvu inayopita, ambayo kwa mitambo midogo ni kadirio la haki, hutoa hivi: upepo wa mita 3 kwa sekunde, unaokupuliza usoni vizuri tu, wati 11. Mita 6 kwa sekunde, wati 89. Mita 10 kwa sekunde, ambapo unashika kofia, wati 412. Hata mita 12 haifiki ile 1,000 iliyoandikwa kwenye boksi. Ni kama 710. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwaka 1919 kwamba hakuna mtambo unaoweza kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaopita kwenye mapanga yake. Na sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa kama asilimia 14, kwa hiyo tunapata pungufu, na wati nilizotaja tayari zimehesabu upungufu huo.

Kwa hiyo usipochukua kitu kingine chochote kutoka kwenye jibu hili, chukua hili: usisome wati kwenye boksi, pima kipenyo cha mapanga.

Ya pili ni mahali. Mkulima wa kitalu nyumba anautoroka upepo. Nilijenga nyuma ya mstari wa mikaratusi ya mita 10 ili nailoni isichanike. Hapo nyuma ya miti upepo haufi tu, unavurugika, na mvurugiko huo unaweza kufika umbali wa mara ishirini ya urefu wa miti, yaani mita 200, na kupanda hadi mara mbili ya urefu wake. Kanuni wanayoifuata mafundi wa upepo ni kwamba mapanga yawe angalau mita 10 juu ya chochote kilichopo ndani ya mita 100. Kwangu maana yake ni mnara wa mita 20 na zaidi. Mnara huo, waya zake za kuushikilia na zege lake ni ghali kuliko mtambo wenyewe. Penye kitalu salama hapana upepo mzuri, na penye upepo mzuri nailoni haikai.

Ya tatu ni majira. Kwetu upepo unashika wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho chenye jua tele. Masika, mawingu yakitanda, upepo nao unalegea. Unalipia chanzo cha pili kinachokuja siku zilezile cha kwanza kipo. Tena siku ya mawingu kitalu hakihitaji feni wala maji mengi, kwa hiyo mahitaji yanapungua pamoja na jua. Ndiyo maana sola na kitalu vinapatana hivyo.

Mbona mitambo ya upepo ya Ngong na Turkana, kule Kenya, inafanikiwa?

Kwa sababu walipima kwanza na wakaenda juu. Mradi wa Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, una mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na vitovu vya mapanga yake viko mita 44 kutoka ardhini, kwenye mkondo wa upepo unaobanwa kati ya milima. Huwezi kuulinganisha na bomba la mita 6 nyuma ya miti.

Basi upepo unafaa lini?

Unafaa kama una kilima wazi, kama umepima kwa kipima upepo pale juu kabisa mapanga yatakapokaa, na wastani wa mwaka ukafika mita 5 kwa sekunde au zaidi. Unafaa zaidi kwa anayelima bila udongo, ambaye pampu ya virutubisho inazunguka usiku kucha, maana usiku paneli haina msaada. Pwani, kuanzia Kilwa hadi Lamu, kusi na kaskazi vinaaminika, ila kumbuka kipindi cha kati ya pepo hizo mbili, upepo unapotulia, na chumvi inayokula chuma na nyaya.

Kuna pia pampu za upepo zisizo na umeme kabisa, zenye mapanga mengi, zinazovuta maji kwa fimbo. Kijito, iliyotengenezwa Thika, ni mfano wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Huanza kazi kwa upepo mdogo na hupandisha maji usiku na mchana. Kwa mahali pa upepo wa wastani ningeifikiria hiyo kabla ya mtambo mdogo wa umeme.

Nikiwa navyo vyote viwili, naviunganisha vipi?

Kila kimoja kiwe na kontrola yake, vikutane kwenye betri. Usichomeke mtambo wa upepo kwenye kontrola ya sola. Paneli ukiikata haina madhara, inakaa tu juani. Mtambo wa upepo ukikatwa huku unazunguka unakosa kizuizi, unakimbia, volti zinapanda na mapanga yanaweza kupasuka. Betri ikijaa, umeme wake lazima umwagwe mahali: koili kubwa ya kuchemsha maji, au ya kupashia hewa. Mtambo wangu wa kwanza ulikuja bila koili hiyo na aliyeniuzia hakuniambia kitu. Usiku mmoja wa upepo betri zilichemka hadi maji yakakauka.

Weka pia swichi ya breki inayounganisha pamoja nyaya tatu za mtambo. Ifunge upepo ukiwa umetulia, kamwe si katikati ya dhoruba.

Betri ya asidi au lithiamu?

Piga hesabu ya maisha yake, usiangalie bei ya dukani peke yake. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200, ukiitumia nusu kila siku kwa mizunguko 500 hivi ya kuchaji na kutumia, imekupa kama uniti 600 maishani mwake. Lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, volti 24 na ampea-saa 100, ukiitumia asilimia 80 kwa mizunguko 3,000, imekupa zaidi ya uniti 5,700. Hata ikiuzwa kwa bei mara tatu au nne ya ile ya asidi, bado umefaidi.

Yangu ni hiyo ya lithiamu. Bila jua kabisa inabeba wati-saa 700 kwa siku mbili na nusu hivi, na nikizima feni, inafika siku nane.

Betri ya aina yoyote isikae ndani ya kitalu. Joto na unyevu vinaiua. Kwa betri ya asidi, kila nyuzijoto 10 zinapoongezeka, maisha yake hupungua karibu nusu. Ijengee kibanda kidogo chenye kivuli na matundu ya hewa.

Volti 12, 24 au 48?

Angalia umbali. Mzigo wa wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10. Ukiupeleka mita 20 kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, unapoteza volti 1.75 njiani, karibu asilimia 15. Mzigo uleule kwa volti 48 unapoteza chini ya asilimia 1. Kwa kitalu kimoja chenye betri jirani, 24 inatosha. Zaidi ya hapo nenda 48.

Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, je?

Kama pampu, feni na taa zote zinatumia umeme wa paneli au betri moja kwa moja, huna haja nayo. Inajilia umeme hata ikiwa haina kazi.

Niko Njombe, usiku ni baridi. Naweza kupasha kitalu joto kwa sola?

Hapana, kwa umeme haiwezekani kwa gharama ya mkulima. Kitalu hiki, paa na kuta, kina nailoni ya angalau mita za mraba 470 hivi. Kukiweka nyuzijoto 10 juu ya baridi ya nje kunahitaji takriban wati 28,000, usiku kucha. Tumia nailoni ya pili ndani, mapipa ya maji meusi yanayobeba joto la mchana, na ufunge kuta mapema jioni. Na betri ya lithiamu usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Huko Makete na Kitulo hilo linaweza kutokea alfajiri.

Radi na wezi?

Fremu zote za chuma ziunganishwe na ardhi kwa waya nene na fimbo ya shaba, na weka vizuia radi kwenye nyaya zinazoingia kwenye kontrola. Ama wezi, nimechomelea nati za stendi, na kibanda cha betri kinatazamana na dirisha ninapolala.

Vibali?

Kwa umeme mdogo wa matumizi yako mwenyewe huhitaji leseni ya kuzalisha, lakini fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kisima ndicho chenye taratibu nyingi zaidi: kabla hujachimba, nenda Bodi ya Maji ya Bonde lako. Pima pia ubora wa maji. Kanda ya kati ina visima vyenye chumvi, na hakuna umeme utakaoiokoa nyanya hapo.

Fundi amemaliza. Nihakikishe nini kabla sijamlipa salio?

Aache mchoro wa nyaya ulioandikwa kwa mkono wake, ubandikwe kwenye mlango wa kibanda. Kuwe na fyuzi karibu kabisa na betri, si mita mbili mbele. Kisha azime mfumo wote na kuuwasha upya mbele yako: kuzima, paneli zinatoka kwanza na betri mwisho, kuwasha, betri inaingia kwanza, kontrola iitambue, ndipo paneli. Ukikosea mpangilio huo, kontrola inaweza kuungua. Baada ya hapo mwombe akae pembeni, urudie mwenyewe mara mbili.